Upande wa Dereva

Watu wengi wakifika salama humshukuru Mungu, kisha dereva. Mimi nina mtu wa tatu, na huyo hata ndani ya basi hakuingia. Anaitwa Tupokigwe, mama wa Kinyakyusa wa miaka hamsini na kitu, anayekata tiketi za mabasi ya Dar es Salaam kwenye stendi ya Mbeya. Wenye adabu humwita Mama Yudith. Wenye haraka humwita "wewe mama", na hao huwakatia siti ya nyuma kabisa, juu ya tairi, kisha huwatakia safari njema kwa upole wa kutisha. Nimeshampelekea asante zangu mara nyingi. Huzipokea kama anavyopokea nauli, bila kuinua macho.

Kibanda chake kina meza, mashine ya tiketi, chupa ya chai na kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, ambayo haiondoi kwa sababu anaipenda picha yake. Ukimuuliza kazi yake atasema anakata tiketi. Usimwamini. Kazi yake ni kuwatazama watu wakati wanadhani wanaamua.

Mawakala wenzake huuliza, "Unakwenda wapi?" Yeye huuliza, "Nani anakupokea?" Swali hilo huwachanganya wengi. Anayekwenda kweli hujibu kabla hujamaliza: shangazi, mume wangu, mwanangu yuko chuo. Asiyejua kama anakwenda hutazama juu, kwenye mabati, kana kwamba mpokeaji wake amekaa kwenye kenchi.

"Mwalimu," aliniambia siku moja abiria walipopungua, "anayeongea na mimi hapa dirishani ni kichwa. Kichwa kina maneno. Lakini ndani kuna mwingine, amekaa kimya, na ndiye aliyefunga begi. Mimi namwangalia huyo."

Akanionyesha. Jamaa mmoja aliyevaa suti alitaka siti ya mbele, eti apate nafasi ya kunyoosha miguu. Alikuwa mfupi kuliko mimi. "Huyo ni mwoga wa barabara," Mama Yudith akasema, "anataka akae mbele amsaidie dereva kukanyaga breki." Binti mwingine, kabla hajanunua tiketi ya kwenda, aliulizia basi la kurudi. "Huko anakokwenda hakukaliki." Nilicheka sana siku ile. Ni raha kusikia siri za watu ambao si wewe.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Naitwa Liberatus, kwetu ni Tosamaganga, kule misheni karibu na Iringa, na kazi imeniweka Mbeya mwaka wa kumi na nne sasa. Kila Desemba naitwa Dar es Salaam kusahihisha mitihani, na tiketi yangu hukatwa na Mama Yudith. Ndivyo tulivyofahamiana. Mwanzoni sikumpenda. Yeye ana mdomo, nami nina hasira za karibu.

Sasa niseme jambo nililolikwepa kwa miaka. Baba yangu, Philbert, alikuwa katekista. Alinipeleka seminari akiamini atazeeka akiitwa baba wa padri. Nilipomaliza kidato cha sita nikamwambia siendelei, nataka kuwa mwalimu. Hakunipiga wala hakunifukuza. Alininyamazia. Kwa miaka kumi na moja nilikwenda nyumbani kila likizo, nikasema, "Shikamoo, Baba," akajibu, "Marahaba," na mazungumzo yetu ya mwaka mzima yakawa yamekwisha.

Alifariki siku ya Alhamisi, miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia. Maziko yakapangwa Jumamosi. Nilifunga begi, nikakaa nalo kitandani Ijumaa kutwa. Jumamosi mchana nilimpigia simu mdogo wangu Frida, nikamwambia basi limeharibika Makambako. Sikuwa Makambako. Nilikuwa Mbeya, chumbani kwangu, nimevaa viatu.

Kwetu, aliyekosa maziko haingii nyumbani moja kwa moja. Husimama uani mpaka mwenye nyumba atoke, amshike mkono, ampeleke kaburini. Pale huweka udongo wake, hulia au husema lake, ndipo hupewa maji ya kunawa na kukaribishwa ndani. Ni desturi nzuri kwa mtu aliyechelewa kweli. Lakini mwenye nyumba sasa alikuwa mama yangu, Severina, na nilijua kwamba mbele ya lile kaburi sitaweza kutaja Makambako.

Basi nikawa siendi. Naomba nieleweke: sikuwahi kuamua kutokwenda. Kila mwaka niliamua kwenda, tena kwa moyo wote, na kila mwaka sababu nzuri ilitokea. Semina. Mvua. Homa ya mtoto. Mafundi wa bati. Hazikuwa sababu za uongo. Zilikuwa zinajua tu saa ya kuja, nami nilizifungulia mlango na kuzipa kiti. Mke wangu aliacha kuniuliza mwaka wa tatu.

Kisha mwaka jana, mwezi wa saba, Frida akanipigia. Mama ana presha ya macho. Jicho la kulia limeshazima. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Daktari amesema dawa zitachelewesha tu. Labda mpaka Krismasi, labda zaidi kidogo.

"Anataka kukuona uso, kaka," Frida akasema. "Sauti anaisikia kwenye simu. Anataka uso."

Nilimwambia nakuja. Septemba shule zilipofungwa kwa wiki moja, nikaenda stendi asubuhi nikiwa nimeamua kabisa.

"Iringa," nikamwambia Mama Yudith. "Basi la saa nne."

"Nani anakupokea?"

"Mama yangu. Macho yake yanaisha."

Akaegemea dirisha, akanikagua kutoka viatuni mpaka kichwani. Nilikuwa na kibegi cha mgongoni, kile cha madaftari.

"Pole. Mchele uko wapi?"

"Mchele gani?"

"Gwe, Mwalimu! Mtu atoke Mbeya aende kwa mama yake mgonjwa Iringa, hana hata kilo tatu za mchele wa Kyela? Hata parachichi? Hata kitenge?" Akatikisa kichwa. "Huendi."

"Mama, nimekuja kununua tiketi, sijaja kupigiwa ramli."

"Tiketi nakukatia, hela ni yako. Ila huendi."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikachukua tiketi yangu, nikakaa kwenye benchi nikichemka. Saa tatu na nusu simu ikaita. Alikuwa mkuu wangu wa shule: Jumatatu kuna ukaguzi, je, nipo mjini? Na akaongeza, namkumbuka vizuri, "Kama umeshaondoka si neno, Mwalimu, nitamweka mwingine."

Nikamwambia bado sijaondoka.

Nafuu niliyoisikia wakati ule ilikuwa tamu, na niliipa jina la wajibu. Nilipopita dirishani kurudi mjini, Mama Yudith aliniangalia mara moja tu. Alikuwa anamenya ndizi. Jicho lile liliniuma kuliko ramli.

Desemba ikafika. Frida alikuwa amepiga simu tena kusema tundu la ufunguo limekuwa tundu la sindano. Nilimwambia nitapita Januari nikitoka kusahihisha. Akarudia, "Januari, kaka?" Nikamwambia mtandao unakatika.

Siti nilikuwa nimeiagiza kwa simu wiki nzima kabla. Alfajiri ya safari nikafika dirishani na sanduku mkono mmoja, mfuko wa salfeti mkono wa pili.

"Upande wa dereva, dirishani," nikamkumbusha.

"Najua. Miaka sita nakukatia Desemba, hujawahi kukaa upande wa mlango hata siku moja. Kwa nini?"

"Nakimbia jua."

Nilijibu vile bila kufikiri, kama mtu anavyosema "nzuri" akiulizwa habari. Mama Yudith akaiweka kalamu chini.

"Hivi unafundisha somo gani?"

"Jiografia."

"Jua linatoka wapi?"

"Mashariki."

"Basi langu likitoka hapa linaelekea wapi?"

Nikaichora ramani kichwani. Basi likitoka Mbeya linaelekea mashariki mpaka Makambako, kisha linapinda kaskazini mashariki kwenda Iringa. Desemba jua limesogea kusini. Kwa hiyo asubuhi nzima linapiga mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndiko aliko dereva. Somo hilo nimelifundisha ubaoni kwa mishale na chaki za rangi. Nimewahi kumchapa mtu kwa kulikosa, Mungu anisamehe. Na miaka sita nimesafiri nimevuta pazia, leso usoni, jasho shingoni, nikiamini nimelikimbia jua.

"Kila Desemba abiria wa upande ule wanashuka wanalalamika mkono umeungua," akasema. "Wewe unaomba uwekwe hukohuko. Hukimbii jua. Upande wa mlango kuna nini?"

Nikatazama chini, kwenye mfuko. Upande wa mlango, ukishapita Ifunda na Tanangozi, kuna njia panda ya Tosamaganga.

"Na huo mfuko?"

"Mchele. Kilo kumi. Nawapelekea walimu wenzangu tunaosahihisha nao."

"Dar hakuna mchele?" Akacheka mpaka akashika meza. "Pole, Mwalimu. Mkono umeshambebea mama mchele, makalio yanakimbilia upande wa dereva. Mwili wako wenyewe haujaelewana!"

Nyuma yangu foleni ilianza kunung'unika. Akatoa kichwa nje ya dirisha akawaambia basi halijaondoka, na dereva yule pale anakunywa chai, kama wana haraka wakampozee. Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa nyingine.

"Nilikuwa na mume, Fanueli. Akaniambia anakwenda Chunya kwenye dhahabu, Jumamosi anarudi. Mfuko wake nilimfungia mimi. Akasema, niwekee na blanketi. Novemba, Mwalimu! Chunya! Joto la kukaangia karanga! Mkono wangu uliposhika lile blanketi ukasita. Nakumbuka mpaka leo ulivyosita. Kichwa kikasema, labda usiku kunakuwa na ubaridi. Nikalikunja vizuri nikalitia." Akagonga tiketi mezani kuinyoosha. "Jumamosi ile naisubiri mwaka wa kumi na tisa. Yeye nimeshamsamehe, alipenda dhahabu. Nilichokuja kujuta ni ule mkono. Ulijua, ukaniambia, nikaunyamazisha kwa maneno ya baridi. Tangu hapo natazama mifuko ya watu."

Nikauweka mfuko wa mchele chini, nikauinua tena.

"Tiketi yako ni ya Dar," akasema. "Safari sijakubadilishia, mimi siyo mama yako. Ila nimekutoa upande wa dereva. Leo utakaa mlangoni. Nenda, unanizibia wateja."

Sitaki kujisifu kwamba niliamua. Mpaka Makambako nilikuwa nimekasirika. Kutoka Makambako mpaka Mafinga nilijitetea kimyakimya kama wanafunzi wangu wanavyojibu maswali wasiyoyajua, kwa sentensi ndefu. Mitihani ya taifa haisubiri. Januari si mbali. Mama ana Frida. Nikitaka kuyaamini majibu hayo, nikaona nayasahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Mafinga nilimpigia kiongozi wetu wa usahihishaji, nikijiambia nauliza tu, kwa ajili ya siku nyingine. Nikamweleza mama anaumwa. Akajibu, "Pole sana, njoo Jumatano." Sentensi moja, na ile sababu yangu kubwa kuliko zote ikaanguka.

Hata hivyo sikuwa nimeamua. Naapa. Nilikuwa natazama nje tu, kwa kuwa siti ilikuwa upande huo na sikuwa na pa kuyapeleka macho. Nikaona mahindi, nikaona vichuguu, nikaona kibao cha njia panda, na nikasikia mtu anapiga kelele, "Shusha! Shusha hapa!" Abiria wakageuka kunitazama. Ndipo nilipojua ni mimi.

"Mzee, tiketi yako si ya Dar?" konda akauliza.

"Nashuka!"

Bodaboda ikaniacha uani kwetu saa saba mchana. Nilisimama pale desturi inapotaka mtu asimame, sanduku huku na mfuko huku. Frida alitoka na ungo, akaniona, akaziba mdomo, akarudi ndani bila kunisalimu. Alifanya vizuri, salamu haikuwa yake kutoa. Mama akatoka akipapasa ukuta. Alikuwa amekuwa mdogo. Hakuuliza ni nani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nipe mkono, twende."

Kaburi liko nyuma ya nyumba, na mahindi ya mwaka huo yalikuwa yamefika magotini kulizunguka. Nilidhani ananiongoza, kumbe nusu ya njia nilikuwa namwongoza yeye, asije akajikwaa. Tulipofika akaniachia.

"Mama," nikasema, "siku ile basi halikuharibika."

"Hilo mwambie yeye."

Nikamwambia. Nilipiga magoti nikasema kwa sauti kwamba basi halikuharibika, kwamba sikuondoka Mbeya, kwamba niliogopa kumsalimia kwa mara ya mwisho na safari hii hata "Marahaba" nisiipate. Nikaweka udongo wangu, nikalia, tena vibaya, kwa makamasi. Mama alisimama tu nyuma yangu na mkono begani. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, na pale pale kaburini, kwa namna isiyo na heshima kabisa, nikahisi njaa. Nilimshukuru Mungu kwa ile njaa. Miaka sita sikuwa nimekumbuka nyumbani nikahisi kitu chochote chema.

Frida alinimiminia maji ya kunawa mlangoni, akanikumbatia huku ananipiga mgongoni kwa ngumi. Nilidhani sasa tutaingia ndani. Mama akasema, "Bado," akaniwekea kigoda kizingitini, palipo na mwanga, akakaa mbele yangu karibu mpaka pumzi yake nikaisikia. Akanishika masikio yote mawili kama anavyoshikwa mtoto anayenyolewa. Akasogeza uso wangu juu, akausogeza kushoto, akitafuta mahali ambapo lile tundu la sindano lingenikuta.

"Tulia," akasema. "Naona kidogo kidogo."

Nikatulia.

"Paji la uso la Philbert," akasema. Akanisogeza. "Nyusi za Philbert, hata ile iliyokatika. Hili jicho nalo ni lake, linajifanya kali." Akanisogeza tena. "Pua ni yangu, samahani."

Frida akacheka, akakimbilia jikoni. Mama hakucheka. Alikuwa na kazi.

"Picha yake pale ukutani imeshazima, Liberatus. Mwezi wa nne huu siioni. Frida ameipiga picha kwa simu, akaikuza, wapi, ni kiza tu. Nikamwambia, acha kuhangaika na picha, mpigie kaka yako mpaka aje. Uso wa baba yenu anao yeye, nataka niuone mara moja kabla hakujafungwa."

Miaka sita nilikuwa nimejificha kwa sababu ya uso huu, nikijua nitaulizwa, nitahukumiwa, na yeye kumbe alikuwa anaungoja kama anavyongojwa mgeni. Machozi yakaanza upya, na vidole vyake vikayapangusa haraka, si kwa kunibembeleza bali kwa sababu yalikuwa yanamzuia kuona.

"Usitikisike," akasema. "Asante kwa kuja, mwanangu. Usitikisike."

Sikutikisika. Alikuwa bado hajafika kidevuni.